Kuichunguza Dunia kwa Mawimbi ya Tetemeko: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Ganda na Manteli ya Juu

Maswali haya yanarudi kila mara, kutoka kwa wanafunzi, waandishi wa habari na jamaa walioona mahali picha ya rangi rangi ya tumbo la dunia wakauliza, "Hii mmeipigaje?" Jibu fupi ni kwamba hakuna aliyepiga picha. Kilichopimwa ni muda, na mengine yote yametokana na hesabu. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yaliyo hapa chini yatajijibu yenyewe.

## Mambo ya msingi

Kwa nini wasichimbe tu wakaona kwa macho?

Walijaribu. Kwenye rasi ya Kola, Urusi, uchimbaji wa kisima cha utafiti ulianza 1970, na kufikia 1989 kilikuwa na kina cha mita 12,262. Huko chini joto lilikuwa nyuzi 180 hivi, mwamba ukawa unalegea na kulibana shimo kila zana zilipotolewa. Ni kazi ya kuvuliwa kofia, lakini kutoka usoni hadi katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Kisima chenyewe hakikufika hata nusu ya ganda, yaani tabaka la nje la dunia, la mahali hapo.

Baharini ganda ni jembamba zaidi, kwa hiyo Wamarekani waliona waanzie huko. Mwaka 1961 mradi wao ulioitwa Mohole ulitoboa mashapo na mita chache za basalti karibu na kisiwa cha Guadalupe, katika Pasifiki. Fedha zikakatwa 1966 na manteli, tabaka nene la mwamba lililo chini ya ganda, haikuguswa.

Mawimbi ya tetemeko hayahitaji shimo. Yanashuka mamia ya kilomita, yanapinda, yanarudi juu, na yakifika yanakuwa yamebeba alama ya kila mwamba yaliopita ndani yake. Ushahidi wa kushikika upo pia: volkano fulani hutapika vipande vya manteli, mawe ya kijani yaitwayo peridotiti yaliyonasa ndani ya lava. Ila vipande hivyo vinakueleza habari za mahali vilipotoka tu. Anayetaka ramani nzima hana budi kusikiliza mawimbi.

Mawimbi P, mawimbi S na mawimbi ya juu yanatofautianaje?

Wimbi P husukuma na kuvuta mwamba kuelekea kule linakokwenda, kama behewa za treni zinavyopokezana mshtuko kichwa kinapogonga. Ndilo la kwanza kufika. Wimbi S hutikisa mwamba kwa upande, kama kamba iliyofungwa mtini ukiitikisa ncha moja. Kwenye miamba ya kawaida ya ganda, P huenda kilomita 6 hivi kwa sekunde na S kama 3.5.

S ina sharti moja: inataka kitu kinachokataa kupindwa. Maji hayakatai, magma (mwamba ulioyeyuka) haikatai, kwa hiyo S haipiti ndani ya kimiminika. Sharti hilo dogo limetufundisha mengi kuhusu dunia.

Mawimbi ya juu hutambaa karibu na uso wa ardhi na yapo ya namna mbili, yaliyopewa majina ya Waingereza waliotangulia kuyaeleza kwa hesabu: Love, yanayotikisa kwa ubavu, na Rayleigh, yanayoizungusha chembe ya ardhi katika duara lililobonyea. Hufika mwisho, lakini kwa tetemeko la mbali ndiyo yanayojaza karatasi ambayo chombo hurekodia mitikisiko.

Manteli si uji wa moto unaochemka?

Hapana. Nadhani wa kulaumiwa ni mchoro wa darasani, ule unaopaka manteli rangi ya chungwa kana kwamba ni supu. Mawimbi S hupita ndani ya manteli yote, kutoka chini ya ganda hadi kwenye mpaka wa kiini, kina cha kilomita 2,900 hivi. Ingekuwa kimiminika yasingepita. Manteli ni mwamba mgumu.

Wakati huohuo ni kweli kwamba inatiririka, sentimita chache kwa mwaka. Haya mawili hayapingani. Barafu ya mlimani ukiigonga kwa nyundo inavunjika, lakini mwaka hadi mwaka inateremka bondeni kama asali nzito. Kwa wimbi linalopita kwa sekunde kadhaa, manteli ni gumegume. Kwa miaka milioni, ni tope. Kuyeyuka kupo, ila kidogo na mahali mahali (tazama swali la tabaka la kasi ndogo).

Moho ni nini, na ilijulikanaje?

Ni mpaka kati ya ganda na manteli. Jina ni kifupi cha Mohorovičić, mwanasayansi wa Zagreb, Kroatia. Tarehe 8 Oktoba 1909 tetemeko lilipiga bonde la mto Kupa, kusini mwa mji huo. Andrija Mohorovičić alikusanya karatasi za vituo mbalimbali vya Ulaya, akakuta jambo la ajabu: kwenye vituo vya umbali fulani, P zilikuwa mbili badala ya moja, na S nazo mbili. Tetemeko lilikuwa moja.

Alieleza hivi. Fikiria watu wawili wanaokwenda mji uleule. Mmoja anafuata njia ya vumbi iliyonyooka. Mwingine anazunguka kwanza hadi barabara ya lami, anakimbia humo, kisha anachepuka kurudi. Mji ukiwa karibu, wa vumbi anawahi. Ukiwa mbali, mzunguko unalipa na wa lami anafika kwanza. Wimbi moja lilipita ndani ya ganda moja kwa moja, jingine lilizama hadi kwenye mwamba wa kasi zaidi, likaambaa juu yake, likarudi. Kutokana na tofauti za muda alikadiria kwamba mwamba huo wa kasi unaanzia kina cha kilomita 54, akachapisha matokeo mwaka 1910.

Hesabu yenyewe unaweza kuifanya kwa kalamu. Tuseme ganda lina unene wa kilomita 35, P ndani yake inakwenda 6.3 kwa sekunde, na chini yake 8.0. Jumla ya kasi hizo ni 14.3, tofauti yake 1.7. Gawanya ya kwanza kwa ya pili, tafuta kipeuo cha pili, utapata 2.9. Zidisha kwa unene mara mbili, yaani 70. Jibu ni kilomita 203. Kwa hiyo ndani ya kilomita 200 wimbi la ganda linatangulia, na zaidi ya hapo wimbi la manteli ndilo la kwanza. Ukiujua umbali ambapo zamu inabadilika, unageuza hesabu na kupata unene wa ganda.

Ganda lina unene gani?

Chini ya bahari ni kilomita 6 au 7 za mwamba. Chini ya mabara ni 35 hadi 40 kwa wastani, na chini ya nyanda za juu za Tibet hufika 70 na ushei. Milima mirefu ina mizizi mirefu.

Mwamba wa chini ni mzito zaidi. Mbona mawimbi hayapungui kasi?

Swali hili ni zuri kuliko watu wanavyodhani, na vitabu vingi huliruka. Ni kweli uzito peke yake ungepunguza kasi: kitu kizito ni kigumu kukitikisa. Lakini kasi ya wimbi ni shindano la mambo mawili, uzito wa mwamba na ukaidi wake wa kurudi katika umbo lake. Ukienda chini, shinikizo linabana madini na ukaidi unapanda haraka kuliko uzito. Pia madini yenyewe yanabadilika: ganda limejaa kwazi na feldspa, manteli imejaa olivini, ambayo ni kaidi zaidi. Ndiyo maana P inaruka ghafla hadi kilomita 8 kwa sekunde.

Joto nalo hufanya kinyume. Linalegeza mwamba na kupunguza kasi. Shinikizo na joto huvutana kila hatua ya safari ya kwenda chini, na mahali pengine joto hushinda.

## Vyanzo na vifaa

Lazima mtu angoje tetemeko?

Si lazima. Watafiti hulipua baruti ndani ya visima au majini, meli huvuta mizinga ya hewa iliyobanwa, na nchi kavu hutumika malori yenye bamba zito la chuma linalotetemesha ardhi kwa masafa yaliyopangwa. Uzuri wa vyanzo hivi ni kwamba saa na mahali vinajulikana kwa uhakika. Ubaya ni nguvu: vinaonyesha ganda vizuri, pengine na kilele cha manteli, basi. Kwa kina cha mamia ya kilomita bado tunategemea matetemeko makubwa, nayo hayapangiwi ratiba.

Chanzo cha tatu hakikutarajiwa na wengi, nacho ni kelele. Kina swali lake katika sehemu ya mbinu.

Kituo kinawekwaje, na ni nini huharibika?

Unachimba shimo hadi ardhi iliyotulia, ikiwezekana hadi mwamba. Unamwaga zege dogo chini, unaliacha likauke, unaweka seismomita juu yake. Chombo hicho kina ukubwa wa sufuria ndogo na ndani yake kuna uzito unaotaka kubaki palepale ardhi inaposogea. Unazungusha skrubu za miguu mpaka povu la pimamaji likae katikati. Unakielekeza kaskazini, unakifunika dhidi ya upepo na mabadiliko ya joto, unarudisha udongo, unaondoka kwa kunyata.

Hapo kwenye kaskazini ndipo wengi huangukia. Dira inaonyesha kaskazini ya sumaku, ambayo hutofautiana na kaskazini halisi kwa nyuzi kadhaa kulingana na mahali. Ukisahau kusahihisha, au ukiwa umesimama na dira kando ya gari, kituo chako kitadanganya kwa upole kwa miaka miwili mizima. P itaonekana sawasawa, lakini kazi yoyote inayotegemea mwelekeo (tazama swali la olivini) itatoka imepinda.

Kosa la pili ni saa. Kila rekodi hupewa wakati kutoka satelaiti za GPS. Antena ikizibwa au waya ukitafunwa na panya, saa ya ndani inaanza kuteleza kidogo kidogo. Mtu wa kawaida atasema robo sekunde si kitu. Kwenye tomografia, yaani kuchora ramani ya ndani ya dunia kutokana na muda wa mawimbi, robo sekunde ndiyo habari yenyewe, na hesabu yake iko kwenye swali la rangi nyekundu.

Rekodi ya kituo kimoja inaweza kusema nini?

Umbali wa tetemeko, kwanza. Tuseme P imeingia saa 4:12:07 na S saa 4:12:22. Tofauti ni sekunde 15. Kwa matetemeko ya karibu, kila sekunde ya tofauti ni takriban kilomita 8, kwa hiyo tetemeko liko umbali wa kilomita 120 hivi. Upande gani? Kwa kipimo hicho peke yake hujui. Unahitaji vituo vitatu, kila kimoja kichore duara lake, na pale zinapokutana ndipo kitovu kilipo.

Kinaweza pia kusema unene wa ganda lililo chini yake chenyewe, jambo ambalo watu huliona kama mazingaombwe.

## Mbinu

Kituo kimoja kinapimaje ganda lililo chini yake?

Tetemeko likitokea mbali sana, wimbi P hufika chini ya kituo likipanda karibu wima. Linapovuka Moho, sehemu yake ndogo hubadilika kuwa S. Zote mbili zinaendelea kupanda, ila S ni ya polepole, kwa hiyo inafika juu ikiwa imechelewa. Ucheleweshaji huo ndio rula. Kwa ganda la kilomita 35 lenye kasi za kawaida, ni sekunde 4.3 au 4.4.

Tatizo ni kwamba rula hii inanyumbuka. Sekunde zilezile zinaweza kuletwa na ganda nene lenye S ya haraka, au ganda jembamba lenye S ya polepole. Dawa ni kutafuta pia mawimbi yaliyogonga uso wa ardhi yakarudi chini na kuakisiwa tena na Moho. Haya yanategemea unene na kasi kwa uwiano mwingine. Mwaka 2000 watafiti Zhu na Kanamori walitoa namna ya kuyajumlisha yote ili unene na uwiano wa kasi ya P kwa S vipatikane pamoja, na hadi leo ndiyo mbinu ya kwanza anayofundishwa mwanafunzi. Uwiano huo nao ni mali: ukikaribia 1.7 au kushuka chini yake, ganda lina kwazi nyingi kama graniti. Ukipanda juu ya 1.8, unashuku mwamba wa aina ya gabro, wenye kwazi kidogo, au kuwepo kwa magma.

Kuakisi na kupinda: kuna tofauti gani katika kazi?

Anayetumia mawimbi yaliyoakisiwa hupanga vipokezi vingi kwa ukaribu na kusikiliza mwangwi unaorudi karibu wima. Anapata mchoro mkali wa mipaka, mikunjo na nyufa, lakini kasi halisi ya kila tabaka huipata kwa shida. Anayetumia mawimbi yaliyopinda hupanga vipokezi kwenye mstari wa mamia ya kilomita, kama lile jambo la Mohorovičić likifanywa kwa makusudi. Kasi anazipata vizuri, mipaka inakuwa na ukungu.

Marekani, mradi wa COCORP ulianza 1975 kupeleka mbinu ya mwangwi, ambayo wachimba mafuta walikuwa wameizoea kwa kina kifupi, hadi chini ya ganda zima. Kwa upande wa kupinda, mfano mzuri ni mradi wa KRISP kwenye Bonde la Ufa la Kenya, uliofanya majaribio yake 1985, 1990 na 1994. Baadhi ya milipuko ilifanywa ndani ya maziwa, kwa sababu maji hupokeza nguvu ya mlipuko ardhini vizuri kuliko udongo mkavu. Matokeo yalionyesha ganda la kilomita 35 hivi chini ya sehemu iliyoinuka ya bonde hilo, likikonda hadi 20 hivi kaskazini chini ya Turkana. Na kilele cha manteli chini ya bonde, badala ya kilomita 8 kwa sekunde, kilitoa 7.5 hadi 7.8. Bara linavutwa, linakonda, na manteli yenye joto inapanda kujaza nafasi.

Mawimbi ya juu hutambaa juu. Yanajuaje habari za chini?

Kwa sababu hayatambai kwa ngozi tu. Wimbi refu lina mguu mrefu. Rayleigh hulihisi zaidi tabaka lililo kwenye kina cha kama theluthi ya urefu wake. Wimbi la kipindi (muda wa mtikisiko mmoja) cha sekunde 20, lenye kasi ya kilomita 3.3 kwa sekunde, lina urefu wa kilomita 66: linahisi ganda, kina cha kilomita 20 na kitu. La sekunde 100 lina urefu wa kilomita 400 hivi: hilo linahisi manteli, kilomita 130 chini.

Kwa kuwa chini kuna kasi zaidi, mawimbi marefu hukimbia mbele na mafupi hubaki nyuma. Yalitoka pamoja kwenye tetemeko, yanafika yameachana kama wakimbiaji. Pima walivyoachana, utapata kasi kwa kila kina. Ni mbinu nzuri sana kwa S na kwa maeneo mapana, na haina makali ya kuonyesha mpaka mwembamba. Wenye busara huiunganisha na mbinu ya kituo kimoja iliyoelezwa hapo juu, kila moja ifidie upofu wa mwenzake.

Kelele inatumikaje?

Bahari haitulii. Mawimbi yake huigonga sakafu ya bahari usiku na mchana, na ardhi yote duniani inavuma kwa vipindi vya sekunde 5 hadi 20 hivi. Kwa miaka mingi uvumi huo ulionekana ni taka za kuchujwa. Kisha ikadhihirika kwamba ukichukua rekodi za vituo viwili kwa miezi mingi, ukazilinganisha na kuzijumlisha, vitu vya bahati nasibu vinafutana na kinachobaki ni wimbi linalosafiri kutoka kituo kimoja hadi kingine, kana kwamba kimoja kilikuwa tetemeko. Mwaka 2004 na 2005 watafiti Shapiro, Campillo na wenzao walionyesha hilo kwa data halisi, wakachora ramani ya ganda la California bila tetemeko lolote.

Kwangu mimi hii ndiyo hatua kubwa zaidi ya seismolojia (elimu ya matetemeko) ya ganda katika karne hii. Sehemu zisizo na matetemeko zilikuwa giza, na sasa vituo viwili na subira vinatosha.

Tomografia ni sawa na ile ya hospitali?

Wazo ni lilelile: miale mingi ikatize mwili mmoja kutoka pande nyingi, kisha kompyuta itafute mahali ilipocheleweshwa. Mtafiti Keiiti Aki na wenzake waliileta kwenye seismolojia katika miaka ya 1970. Tofauti ni kwamba hospitali inajua miale inatoka wapi na inakwenda mstari mnyoofu. Kwetu sisi miale, yaani njia za mawimbi, inapinda, chanzo kinatokea kinapotaka, na theluthi mbili za dunia ni bahari isiyo na vituo isipokuwa vichache vya sakafuni.

Ukubwa wa kitu unachoweza kukiona unategemea nafasi kati ya vituo. Mradi wa USArray wa Marekani, kuanzia 2004, ulitembeza vituo kama 400 vilivyoachana kilomita 70 hivi, kila kimoja kikikaa takriban miaka miwili kabla ya kuhamishiwa mashariki. Ni mtandao mzuri kupita kiasi, na bado doa la kilomita 20 ndani ya manteli linaweza kuupita bila kuonekana.

## Kusoma matokeo

Sehemu nyekundu kwenye picha ni lava?

Hapana, na hapa naomba msomaji atulie kidogo. Kwa desturi nyekundu ni "polepole kuliko wastani" na buluu ni "haraka kuliko wastani". Si joto lililopimwa. Ni kasi, na hata kasi haikupimwa, imekokotolewa kutokana na muda.

Sasa angalia ukubwa wa tofauti zenyewe. Donge la upana wa kilomita 200 lenye kasi iliyopungua asilimia 1: P ya kilomita 8 kwa sekunde hulipita kwa sekunde 25, kwa hiyo inachelewa robo sekunde. Robo sekunde hiyo, ikijirudia kwenye vituo na matetemeko mengi, ndiyo inayopakwa rangi nyekundu ya kutisha. Angalia daima kipimo kilicho chini ya picha. Mchoraji akiweka nyekundu kamili ianzie asilimia 1, kila kitu kinaonekana kinaungua. Akiiweka 5, mahali palepale panafifia.

Halafu ndipo swali la sababu. Kasi ya S hupungua kama asilimia moja hivi kwa kila nyuzi 100 za joto, na zaidi mwamba unapokaribia kuyeyuka. Lakini inaweza kupungua pia kwa sababu ya magma kidogo kati ya chembe, maji ndani ya madini, aina tofauti ya mwamba, au mwelekeo wa fuwele. Ukisoma kichwa cha habari kisemacho "ziwa la moto lagunduliwa", mara nyingi kilichogunduliwa ni mwamba mgumu wenye asilimia chache za umajimaji.

Tabaka la kasi ndogo ni lipi?

Chini ya bahari, kuanzia kina cha kilomita 80 hivi hadi 200 na zaidi, S hupungua kasi badala ya kuongezeka. Mwanaseismolojia Beno Gutenberg alilitetea wazo hili miaka mingi kabla halijakubalika. Hapo ndipo joto linaposhinda shinikizo: mwamba umekaribia kuyeyuka, umelegea, na mabamba yanayobeba bahari na mabara huteleza juu yake. Kama kulegea huko kunatokana na joto tu au kuna matone ya magma, wataalamu bado wanavutana. Chini ya mabara ya kale hali ni nyingine. Mizizi yao baridi hushuka hadi kilomita 200 hivi, na tabaka hilo huwa hafifu au halionekani.

Kina cha 410 na 660 kina nini?

Ni miruko miwili ya ghafla ya kasi inayoonekana karibu kila mahali duniani. Kwenye kilomita 410 olivini inabanwa hadi fuwele zake zinajipanga upya kuwa madini yaitwayo wadsleyiti. Kwenye 660 ringwuditi, madini ambayo ni mjukuu wa olivini, inavunjika kuwa madini mazito zaidi. Kemia ni ileile, umbo ni jingine. Manteli ya juu inaishia hapo, ingawa wengine huihesabu hadi 410 tu na kuliita eneo la katikati ukanda wa mpito.

Utamu wake ni huu: joto hulishusha badiliko la kwanza na kulipandisha la pili. Palipo na joto, ukanda hukonda chini ya kilomita 250 za kawaida. Palipo na bamba baridi linalozama, hunenepa. Kwa hiyo unene wa ukanda ni kipimajoto kilichofukiwa mahali ambapo hakuna mkono utakaofika.

Mawimbi yanajuaje manteli inatiririka kwenda upande gani?

Kupitia olivini. P ndani ya fuwele ya olivini huenda haraka upande mmoja kuliko mwingine, tofauti ikikaribia robo. Manteli ikitiririka, fuwele hulala kuelekea mtiririko kama nyasi zilizopitiwa na maji. Wimbi S likiingia humo hugawanyika mawili, la haraka na la polepole, na hufika kituoni yameachana. Kuachana kwa sekunde moja ni kawaida, nako kunahitaji tabaka la kama kilomita 100 lililojipanga. Mwaka 1964 mwanajiolojia Harry Hess alionyesha kwamba chini ya Pasifiki mawimbi yanakimbia zaidi kuelekea upande sakafu inakotanukia.

Mbona watafiti wawili, eneo moja, picha mbili?

Kwa sababu data hazitoshi kuamua kila kitu. Kila hesabu ya namna hii huongezewa masharti, kwa mfano picha iwe laini kiasi gani, na masharti ni uamuzi wa mtu. Usiulize picha ipi ni nzuri. Uliza ni kitu gani kimebaki kwenye zote mbili. Uliza pia kama wamefanya jaribio la ubao wa drafti, yaani wametunga dunia ya bandia yenye miraba, wakaipitisha kwenye miale ileile, wakaona ni miraba ipi inarudi na ipi inavurugika. Mahali ilipovurugika, msiamini sana rangi.

## Maswali ya pembeni

Njia hizi zinaweza kutabiri tetemeko?

Haziwezi kusema siku wala saa. Zinachoweza ni kuonyesha nyufa zilipo na udongo upi utatikisika zaidi. Mifumo ya tahadhari si utabiri: tetemeko limeshaanza, na kompyuta inaitumia P iliyotangulia kuonya kabla S haijafika. Kwa kilomita 120 za mfano wetu wa juu, huo ni muda usiozidi sekunde 15, pungufu ya zile za hesabu na kutuma ujumbe.

Ni kweli kuna bahari chini ya ardhi?

Kuna maji, hakuna bahari. Mwaka 2014 ilitangazwa almasi kutoka Brazili iliyobeba punje ya ringwuditi yenye maji kiasi cha asilimia 1.5 ya uzito wake. Maji hayo yamefungwa ndani ya fuwele. Huwezi kuyachota wala kuogelea humo. Jinsi yalivyosambaa katika ukanda wa mpito ni jambo ambalo mawimbi hulidokeza tu, kwa sababu maji na joto yote hupunguza kasi (rudi kwenye swali la nyekundu).

Inafanya kazi kwenye sayari nyingine?

Ndiyo. Wanaanga wa Apollo waliacha seismomita Mwezini, na chombo cha InSight kilitua Mirihi Novemba 2018 kikasikiliza hadi Desemba 2022. Kilikuwa kituo kimoja tu, kwa hiyo wanasayansi walirudi kwenye ujanja uleule wa P inayobadilika kuwa S, na ganda la Mirihi lililo chini ya miguu ya chombo likapimwa kwa sekunde chache za ucheleweshaji. Upepo ndio uliosumbua: mchana kelele ilikuwa kubwa mno, mitetemo mingi midogo ikasikika jioni tu, hewa ikishatulia.